Nani alimshikisha Rabi Akiva herufi za kwanza?

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Ninafundisha darasa la kwanza, kazi yangu ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Jioni nasomea shahada ya elimu ya dini, na muhula huu nimechagua kuandika insha juu ya walimu katika mapokeo ya Kiyahudi. Kila kitabu ninachofungua kinanipa majina yale yale: Musa, Hillel, Akiva, Rashi, Maimonides. Mwalimu wa watoto wadogo simwoni. Mhadhiri wangu anasema kama hawakuandikwa, basi hawakuwa na mchango wa kuandikiwa insha. Mwanafunzi mwenzangu anasema kinyume chake, kwamba Wayahudi wanaamini kuna watakatifu 36 waliofichika, na hao ndio walimu wasiojulikana. Nani yuko sahihi? Na niseme ukweli, swali hili linanigusa mwenyewe. Miaka 11 nafundisha watoto kushika penseli, na wakishafika sekondari hakuna anayenikumbuka. Nimechoka, siku nyingine naona kama sifanyi kitu."

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Umeniuliza mambo mawili, la insha na la moyo. Naanza na la insha kwa sababu limebeba sehemu ya jibu la lile jingine. Lakini la moyo sikulipokea kama nyongeza, na nitalifikia kabla sijaweka kalamu chini.

Mhadhiri wako, kwa heshima zote, anakosea. Mwenzako naye anakosea, ingawa kwa nia njema. Mmoja anadhani jina lisipoandikwa kazi nayo haikuwapo. Mwingine anataka kuliziba pengo hilo kwa hadithi nzuri. Kuna njia ya tatu, nayo ni kuuliza katika mapokeo haya majina yalihifadhiwa kwa sababu gani na yalipotea kwa sababu gani. Ukishalijua hilo, utaanza kuwaona walimu wako mahali ambapo hukutazamia.

Tuanze na Akiva, kwa kuwa umemtaja. Huyu ni miongoni mwa marabi wakubwa kuliko wote, aliyeuawa na Warumi karibu na mwaka 135. Mapokeo yanasema alifika umri wa miaka 40 bila kujua kusoma. Kitabu cha kale cha masimulizi ya marabi, Avot de-Rabbi Natan, kinaeleza alivyoanza. Alimchukua mwanawe mdogo, wakaenda pamoja kwa mwalimu wa watoto. Akiva akasema, "Rabi, nifundishe Torati." Akashika upande mmoja wa ubao, mwanawe akashika upande wa pili, mwalimu akawaandikia alef na bet, herufi mbili za kwanza za Kiebrania. Akaendelea hivyo mpaka akajua kusoma, ndipo akaenda kuketi mbele ya Rabi Eliezer na Rabi Yehoshua.

Tazama majina. Eliezer yupo, Yehoshua yupo. Aliyeandika herufi ubaoni hana jina. Sikuambii kwamba mambo yalitokea hivyo hasa, maana masimulizi ya marabi si kumbukumbu za mahakama. Ninachokuonyesha ni uamuzi wa wasimulizi. Wangeweza kuruka moja kwa moja hadi kwa mabingwa wawili, na hadithi isingepungukiwa. Hawakuruka. Walimweka mwalimu wa watoto mlangoni mwa elimu yote ya Akiva, wakampa kazi ya kufanya, wakamwacha bila jina. Kama ningekuwa nasahihisha insha yako, ningetaka kurasa tatu juu ya ubao huo peke yake.

Kwa nini basi jina lilipotea? Hapa inabidi tujue vitabu hivi vilivyotengenezwa. Mishna, mkusanyo wa sheria za mdomo uliokamilishwa na Rabi Yehuda HaNasi karibu na mwaka 200, inataja majina hasa pale watu wanapotofautiana. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Kauli isiyopingwa mara nyingi huwekwa wazi bila jina lolote, na kwa kawaida hiyo ndiyo inayobeba uzito wa sheria. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, yenyewe inasema kwamba kauli za Mishna zisizo na jina kwa kawaida zinatokana na Rabi Meir, mwanafunzi wa Akiva. Kwa maneno mengine, katika kitabu hiki neno likikubalika kwa wote linavua jina la aliyelisema. Hoja ya mhadhiri wako inaporomoka hapo, kwa kuwa inachukulia ukimya wa kitabu kuwa dalili ya udogo, ilhali katika Mishna ukimya huo mara nyingi ni dalili ya kukubaliwa.

Lakini ukimya una sababu nyingine pia, na si zote ni safi. Mfano ulio wazi ni wa Beruria, mwanamke msomi wa karne ya 2. Katika Tosefta, mkusanyo unaokwenda sambamba na Mishna, Beruria anatoa hukumu kuhusu komeo la mlango, na hukumu hiyo inasifiwa kwamba amesema vyema. Fungua Mishna yenyewe, sura ya 11 ya Kelim, mojawapo ya vitabu vyake. Hukumu ni ile ile, lakini sasa imewekwa kinywani mwa Rabi Yehoshua. Fundisho limebaki zima na mwalimu amebadilishwa. Ukitaka ushahidi kwamba ushawishi unaweza kuendelea bila jina la mwenyewe, huu hapa, na usiupambe. Unaumiza, na uache uumize.

Kundi la pili la waliosahauliwa ni wakariri. Kwa karne kadhaa Mishna haikusomwa kutoka kwenye karatasi katika vyuo vya Babeli. Kulikuwa na watu wenye kumbukumbu ya ajabu waliozihifadhi sehemu kubwa kichwani, na bingwa akitaka kifungu, mkariri alikitoa neno kwa neno. Mabingwa waliwategemea na papo hapo wakawadharau. Talmudi ina kejeli kali juu yao: mkariri asiyeelewa anachokariri ni kikapu kilichojaa vitabu. Kejeli imehifadhiwa, na majina ya wengi wa waliobeba kikapu yamepotea. Hata hivyo tusingekuwa na neno moja la kusoma leo kama vikapu hivyo vingekuwa vimetoboka. Msomaji Mwislamu atatambua hapa jambo linalokaribiana na kazi ya mahafidhi na wapokezi wa hadithi, ila elimu ya Kiislamu ilijitahidi zaidi kumwandika kila mpokezi kwa jina lake.

Usielewe vibaya, Wayahudi walijali majina. Wana kanuni mashuhuri: anayesema neno kwa jina la aliyelisema huleta ukombozi ulimwenguni. Waliitoa katika Esta 2:22, pale malkia alipompa mfalme habari kwa jina la Mordekai na taifa zima likaokoka baadaye. Lakini kanuni hii inashika maneno mapya, hoja, maoni. Hakuna aliyewahi kusema "alef, kwa jina la mwalimu wangu fulani." Anayekufundisha kitu ambacho kila mtu anakijua hawezi kunukuliwa. Na kitu ambacho kila mtu anakijua ndicho wengine wote wanachosimamia juu yake.

Hillel, rabi mkubwa wa kale, alilijua hili vizuri. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alimjia akitaka kuingia dini kwa sharti moja, afundishwe Torati iliyoandikwa tu, ile ya mdomo hataki. Hillel akampokea. Siku ya kwanza akamfundisha alef, bet, gimel, dalet. Siku ya pili akazifundisha kinyumenyume. Mgeni akalalamika, "Jana hukuniambia hivi!" Hillel akamjibu kwamba kama kwa herufi tu umenitegemea mimi, basi nitegemee na kwa Torati ya mdomo. Maana yake ni kwamba hakuna maandishi yanayojisoma yenyewe. Hata mtu anayedai kushika kitabu peke yake ameshaweka imani yake kwa mtu aliyemwambia hii ni alef. Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku asubuhi, na umeisikia kwa mdomo wa Hillel.

Sasa tuje kwenye shule zenyewe. Talmudi, katika kitabu chake kiitwacho Bava Batra, ukurasa wa 21a, inasema mtu fulani akumbukwe kwa wema, Yehoshua ben Gamla, kwa sababu bila yeye Torati ingesahauliwa katika Israeli. Zamani, inaeleza, mwenye baba alifundishwa na baba yake, na yatima hakufundishwa na mtu. Wakaweka walimu Yerusalemu, bado mwenye baba ndiye aliyepelekwa. Wakaweka walimu wilayani kwa vijana wa miaka 16 na 17, na kijana akikaripiwa alikasirika akaondoka zake. Ndipo Yehoshua akaagiza walimu wawekwe katika kila wilaya na kila mji, na watoto waingie wakiwa na miaka 6 au 7. Ona anakoanzia maelezo haya: kwa yatima, mtoto asiye na mtu wa kumfundisha.

Yehoshua huyu alikuwa kuhani mkuu katika miaka ya 60, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa zama hizo, anaeleza alivyouawa Yerusalemu wakati wa vita dhidi ya Warumi. Hakuwa mtu asiye na doa. Talmudi hiyo hiyo inasema mkewe tajiri, Martha binti Boethus, alimnunulia ukuhani kwa fedha. Weka yote mawili kwenye insha. Weka pia tahadhari ya wanahistoria, kwamba wengi wao hawaamini kila mji ulipata shule wakati ule. Waliojua kusoma walikuwa wachache, na picha ya Talmudi huenda inaonyesha kilichotamaniwa zaidi ya kilichokuwapo.

Walimu wenyewe wanaonekana katika visa vidogo vidogo. Nakupa viwili, cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Rabi Hiyya alibishana na Rabi Hanina, ambaye alijisifu kwamba Torati ikisahauliwa angeirudisha kwa nguvu ya hoja zake. Hiyya akasema yeye anahakikisha haisahauliki. Anapanda kitani, anasuka nyavu, anatega paa. Nyama anawapa yatima, ngozi anatengeneza karatasi za kuandikia, juu yake anaandika vitabu vitano vya Musa. Kisha anakwenda mji usio na mwalimu, anafundisha watoto watano kila mmoja kitabu chake, na wengine sita kila mmoja sehemu moja ya Mishna, anawaambia: mpaka nitakaporudi, fundishaneni. Rabi Yehuda HaNasi aliposikia alisema, "Matendo ya Hiyya ni makuu namna gani!" Hiyya ni jina kubwa, sikatai, lakini sikiliza mwisho wa hadithi yake: baada ya siku chache walimu ni watoto 11 ambao hakuna hata mmoja tunayemjua.

Kisa cha pili kimo katika Taanit, kitabu kingine cha Talmudi, ukurasa wa 24a. Rav, bingwa wa Babeli wa karne ya 3, alifika mahali penye ukame. Akatangaza mfungo, mvua haikuja. Mtu mmoja akasimama kuongoza sala. Aliposema "avumishaye upepo," upepo ukavuma. Aliposema "ateremshaye mvua," mvua ikanyesha. Rav akamuuliza, kazi yako ni nini? Akajibu: mimi ni mwalimu wa watoto. Nafundisha watoto wa maskini sawasawa na wa matajiri. Asiyeweza kulipa simtozi. Nina bwawa la samaki, na mtoto anayegoma kusoma namhonga samaki, namtuliza, mpaka aje asome.

Habari yake inaishia hapo. Hana jina, mji wake hautajwi, hakuna fundisho lake hata moja lililohifadhiwa. Mkuu wa kizazi alifunga na kuomba bila kujibiwa. Huyu akajibiwa kabla hajamaliza sentensi. Wahariri wa Talmudi walikuwa wanafunzi wa watu kama Rav, si wa watu kama huyu, na bado waliiacha hadithi inayomweka Rav kwenye nafasi ya muulizaji. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi na kila mara kinanishika pale pale, kwenye samaki. Ni mtu aliyewajua wanafunzi wake mmoja mmoja.

Usije ukaandika insha ya sifa tupu, lakini. Mapokeo haya haya yana orodha ya familia za kuoa kwao: binti wa msomi, kisha wa wakuu wa kizazi, kisha wa viongozi wa sinagogi, kisha wa wakusanya sadaka, na mwishoni kabisa, kabla tu ya watu wasio na elimu, binti wa mwalimu wa watoto. Rav alimwagiza mwalimu Shmuel bar Shilat kwamba akimpiga mtoto asitumie kitu zaidi ya ukanda wa kiatu, na agizo la namna hiyo halitolewi mahali ambapo watoto hawapigwi. Karne nyingi baadaye, katika Ulaya Mashariki, mwalimu wa heder, yaani chuo cha watoto, alifundisha ndani ya chumba alichokaa na familia yake, akiishi kwa ada ndogo za wazazi. Wengi waliopita mikononi mwao walieleza ukali na umaskini kuliko upendo. Kusahauliwa kwingine ni matokeo ya dharau, na kwingine ni matokeo ya ualimu mbaya. Sema hivyo waziwazi.

Kuhusu wale 36 wa mwenzako: Talmudi inamnukuu Abaye, bingwa mwingine wa Babeli, akisema kwamba ulimwengu haukosi watu 36 wenye haki katika kila kizazi wanaoupokea uso wa Mungu. Haisemi wamefichika, wala haisemi ni walimu. Habari ya watakatifu wa siri, fundi viatu au mchota maji asiyejulikana na jirani zake, ilikua baadaye na kushamiri katika masimulizi ya watu wa Ulaya Mashariki. Ni mapokeo ya kweli yenye uzuri wake, lakini hayahusu mada yako. Tena yana hatari, kwa sababu yanamfanya asiyejulikana kuwa mtu wa miujiza. Mwalimu wa bwawa la samaki anaeleza kazi yake kwa vitu vinavyoonekana: ada, samaki, subira.

Wanawake hukuwataja, nami nakuomba uwatafute, maana hapo ndipo ukimya ulipo mzito kuliko pote. Marabi walisahau maana ya maneno kadhaa ya Kiebrania yaliyomo katika maandiko, wakayajifunza kwa kumsikiliza kijakazi wa nyumbani kwa Rabi Yehuda HaNasi akiyatumia katika kazi zake, pamoja na fagio mkononi. Talmudi inalikiri hilo wazi. Jina la kijakazi haisemi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwako, kwa kuwa si hadithi bali ni hati, unatoka Misri. Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alijibu maswali ya kisheria kutoka jumuiya nyingi, na kati ya majibu yake yamo mawili kuhusu mwanamke mmoja mwalimu. Mumewe alisafiri na kumwacha miaka mingi bila matumizi. Akaanza kufundisha watoto Biblia pamoja na kaka yake, na kaka alipoondoka akaishika shule mwenyewe, mwanawe mkubwa akimsaidia. Mume aliporudi alidai aache, akisema anaona aibu. Mke akajibu kwamba akiiacha shule hata kwa muda wazazi watawapeleka watoto kwingine, naye hatakuwa na riziki mume akitoweka tena. Maimonides alishikilia kwamba kisheria mume anaweza kumzuia mkewe kufundisha. Kisha akaonyesha mlango: mke akikataa kuendelea na ndoa, atapewa talaka, atapoteza mahari yake ya talaka, na atakuwa na mamlaka juu ya nafsi yake, afundishe amtakaye. Sioni jibu hilo kuwa la ukarimu sana. Lakini linathibitisha kwamba shule ilikuwapo, kwamba wazazi waliiamini, na kwamba mwanamke aliyeiendesha alikuwa tayari kuipigania. Maimonides unamjua kwa jina. Mwalimu aliyemlazimisha kufikiri, humjui.

Asenath Barzani wa Mosul, katika Iraki ya leo, aliyeishi takriban 1590 hadi 1670, tunamjua kwa sababu aliandika mwenyewe. Baba yake, Rabi Shmuel Barzani, alimfundisha kama ambavyo angemfundisha mtoto wa kiume, na alipomwoza aliweka sharti kwamba asishughulishwe na kazi za nyumbani. Mumewe alipofariki, chuo kikawa mikononi mwake. Barua zake zinaomba msaada wa fedha ili wanafunzi wasitawanyike. Baadaye mwanawe alipelekwa kufundisha Baghdad, na hivyo kazi ya mama ikaendelea chini ya jina la mtoto.

Mfano wa karibu na zama zetu ni Sarah Schenirer, fundi cherehani wa Kraków, aliyefungua shule ya wasichana mwaka 1917 akiwa na wanafunzi wapatao 25. Alipofariki mwaka 1935 shule za wasichana zilizotokana na yake, ziitwazo Bais Yaakov, zilikuwa zaidi ya 200. Watu wanamkumbuka, na wana haki. Wachache wanaukumbuka mwanzo wenyewe: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikimbilia Vienna, na huko akasikia mahubiri ya sikukuu ya Hanuka ya Rabi Moshe Flesch kuhusu ushujaa wa Yudithi, mwanamke shujaa wa masimulizi ya Kiyahudi. Rabi yule alihubiri sinagogini kama kawaida yake. Aliyekuwa anamsikiliza ndiye aliyejenga.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki kuna kisa ambacho sijui kwa nini hakifundishwi zaidi. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, mkuu wa kivita wa Uganda, alijitangaza kuwa Myahudi pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale, kwa kusoma Biblia peke yake. Mwaka uliofuata alikuja mgeni Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosef. Alikaa nao kama miezi 6, akawafundisha kalenda, sikukuu, sala, na masharti ya vyakula, kisha akaondoka. Jumuiya hiyo, Abayudaya, ilipita katika kifo cha Kakungulu mwaka 1928 na katika miaka ya Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na ipo hadi leo. Miezi 6 ya mtu ambaye wengi wanamtaja kwa jina moja tu.

Insha yako unaweza kuijenga kwa namna kadhaa. Ukidai kwamba walimu wasiojulikana ndio waliobeba dini nzima, utapendeza masikioni lakini hutaweza kuthibitisha. Ukikusanya visa vingi utapata orodha, na mhadhiri atakuuliza hoja iko wapi. Mimi ningechukua ubao wa Akiva kama simulizi, kauli za Mishna zisizo na jina kama maelezo ya jinsi mambo yanavyofanya kazi, na kesi ya Maimonides kama hati, nikatenganisha waziwazi kipi ni kipi. Talmudi nzima unaweza kuisoma bure mtandaoni kwenye maktaba ya Sefaria, kwa Kiebrania na Kiaramu pamoja na tafsiri. Lakini usiisome peke yako. Wenyewe huisoma wawili wawili, wakibishana, na wana sababu. Mwombe mhadhiri wako mkae na kurasa mbili mbele yenu. Mtu anayepinga jambo kwa ujumla mara nyingi hulegea akionyeshwa andiko. Ukivutiwa na Abayudaya, usiwaandike kutoka mbali. Waulize kwanza, na kama unaweza nenda Mbale uwasikilize wazee.

Sasa la moyo.

Maandiko haya hayakuahidi kwamba utakumbukwa, na sitakuahidi mimi. Yanasema kitu kingine. Mishna inafundisha kwamba mtu akikuta baba yake na mwalimu wake wote wamepoteza kitu, aanze na cha mwalimu, na marabi wakabishana mwalimu ni nani hasa. Wengine wakasema ni yule aliyekufundisha sehemu kubwa ya hekima yako. Rabi Yose akasema: hata kama alikutia nuru ya macho katika kifungu kimoja tu, huyo ni mwalimu wako. Deni hilo lipo hata kama mdaiwa amelisahau. Watoto wako wanaosoma kemia sekondari wanaisoma kwa macho uliyoyafungua wewe, wakijua wasijue.

Kuhusu uchovu, nitakueleza habari ya Shmuel bar Shilat niliyemtaja. Talmudi inawasifu walimu wa watoto kwa maneno ya Danieli 12:3, kwamba waongozao wengi kutenda haki watang'aa kama nyota, na inamtoa yeye kuwa mfano. Siku moja Rav alimkuta amesimama bustanini, akamuuliza kama ameuacha uaminifu wake. Akajibu kwamba kwa miaka 13 hajaiona bustani ile, na hata sasa mawazo yake yako kwa watoto. Wengi huhubiri kisa hiki kama sifa. Mimi sikubali kikufanyie kazi hiyo. Miaka 13 bila bustani ni mzigo ambao mtu asiwekewe, hata na watu wema.

Kisome kisa hicho pamoja na maneno ya Rava, bingwa wa Babeli, katika ukurasa ule wa 21a wa Bava Batra: mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakifika 40, awekewe msaidizi, na mji ugharimie. Wakifika 50, walimu wawili. Najua darasa lako huenda limeizidi namba hiyo mara kadhaa. Ninachotaka uone ni kwamba hawakumwambia mwalimu aongeze moyo. Walihesabu watoto, wakapeleka hesabu kwa mji. Kwa hiyo sehemu ya uchovu wako si suala la kiroho hata kidogo; ni suala la kupeleka kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kwa namba, kwa maandishi, na ikiwezekana pamoja na wenzako wa madarasa ya awali.

Sehemu nyingine inahitaji mtu wa kukuona ana kwa ana, nami siwezi kuwa huyo kwa njia hii. Umeandika kwamba siku nyingine unaona kama hufanyi kitu. Kama ni jioni za Ijumaa tu, pumzika, zungumza na rafiki. Kama imekuwa hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo, usingizi umekatika, chakula hakipiti, au unaona hata kuishi hakuna maana, usisubiri insha iishe. Nenda kituo cha afya umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na mjulishe mtu mmoja wa nyumbani. Kiongozi wako wa dini anaweza kukusindikiza, lakini asichukue nafasi ya daktari.

Rasimu ikiwa tayari, nitumie sehemu ya Mishna kwanza. Hapo ndipo wengi wanateleza, na ningependa tuipitie kabla mhadhiri hajaiona.